Maswali Yenu: Mkalimani Atafutwe na Nani?

Meseji za mwezi huu nyingi zimehusu viziwi na watu wasiosikia vizuri, nadhani mmoja aliuliza mkafunguka wote. Nimechagua tano, zile ndefu nimezipunguza kidogo, msinune.

SWALI: Mdogo wangu wa kike ni kiziwi, ni mtu mzima sasa, na tangu utoto mimi ndo nimekuwa mdomo wake. Juzi kaenda kliniki peke yake nesi akamwandikia kwenye karatasi "njoo na mtu wa kukutafsiria". Tukaenda wote, daktari akawa anaongea na mimi tu, mwambie hivi, muulize vile, mpaka yakafika maswali ya mambo ya ndani, nikaona kabisa mdogo wangu kuna majibu anameza kwa sababu yangu. Na ukweli ishara ninazozijua ni za nyumbani, za dawa na magonjwa sina. Tufanyeje? *Dada Mtu*

JIBU: Dada, hapo kwenye "anameza" ndo penye shida yote. Mgonjwa akificha jambo kwa aibu ya ndugu aliyekaa katikati, daktari anaishia kutibu ugonjwa mwingine kabisa. Wewe hujakosea, umebebeshwa tu mzigo usio wako, maana kumtafutia mgonjwa mkalimani ni kazi ya hospitali, siyo ya ukoo. Kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulipitishwa Desemba 2006 ukaanza kutumika Mei 2008, na nchi nyingi zimeshauridhia. Kifungu cha 9 kinawataja kabisa wakalimani wa lugha ya alama waliosomea kazi hiyo kama sehemu ya kuzifanya huduma za umma zifikike, na cha 25 kinataka matibabu yafanyike kwa ridhaa ya mgonjwa aliyeelezwa akaelewa. Sasa ridhaa gani hiyo kama maelezo yamepitia kwa mtu anayebahatisha?

Kwa hiyo siku kadhaa kabla ya miadi mdogo wako aandike, yeye siyo wewe, meseji au barua fupi tu: mimi ni kiziwi, natumia lugha ya alama, naomba mkalimani siku fulani saa fulani, na kama anataka wa kike aseme anataka wa kike. Nakala abaki nayo. Wakimjibu hawana, awaombe waandike hivyohivyo kwamba hawana, maana hicho kikaratasi ndo chama cha viziwi kitakishika kwenda nacho kwa wakubwa, maneno ya mdomo hayashikiki. Chama hichohicho ndo mara nyingi kinajua wakalimani wazuri ni kina nani na wanapatikana vipi.

Mkipata mkalimani, akae pembeni ya daktari, nyuma kidogo, ili mdogo wako awaone wote wawili bila kugeuza shingo, na dirisha lisiwe nyuma yao kwa sababu mwanga ukitokea huko mikono na nyuso zinakuwa kivuli. Daktari amtazame mgonjwa aseme "unaumwa wapi", siyo "muulize anaumwa wapi". Mkalimani anaongea kwa nafsi ya mgonjwa, atasema "tumbo langu linanikata", na daktari ambaye hajazoea huwa anashtuka anadhani mkalimani naye anaumwa 😂. Kikao kikiwa kirefu wanatakiwa wawili wapokezane kila dakika 20 au 30 hivi, maana akili inachoka kabla ya mikono. Na yanayosemwa mle ndani yanabaki mle ndani, hayo ni maadili ya kazi yao.

Nimeona pia watu wanawatumia watoto, yaani mtoto anayesikia ndo anamweleza mama yake kiziwi majibu ya vipimo. Hapana jamani, mtoto hatakiwi kuwa wa kwanza kujua mama yake ana uvimbe.

Wewe nenda naye tu kama dada, ukamsubiri pale nje.

SWALI: Mwanangu ana miaka miwili, amegundulika hasikii baada ya kuugua homa ya uti wa mgongo. Mama mkwe, na hata mtaalamu mmoja, wananiambia nisimzoeshe ishara atakuwa mvivu wa kuongea, nisubiri mashine kwanza. Nisubiri? *Mama Asiyelala*

JIBU: Usisubiri chochote mama, wala mashine wala ishara.

Nianze na lililo la haraka zaidi. Homa ya uti wa mgongo ina tabia mbaya, baada yake ile koklea, kile kiungo cha ndani ya sikio kinachopokea sauti, inaweza kuanza kujaa mfupa, na ikishajaa kuweka kipandikizi cha koklea, yaani kifaa cha kusaidia kusikia kinachoingizwa humo kwa upasuaji na kipande chake kingine kikavaliwa nje, kunakuwa kugumu au kusiwezekane. Kwa hiyo mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo mapema iwezekanavyo na useme wazi kwamba upotevu umetokana na uti wa mgongo, usikubali kupangiwa tarehe ya mbali kama wagonjwa wengine. Hata kama mwisho wa yote mtaamua hamtaki kipandikizi, amueni huku mlango bado uko wazi.

Sasa hilo la uvivu. Hayo maneno ni ya zamani sana. Mwaka 1880 walikutana Milan waalimu wa viziwi, karibu wote watu wanaosikia, wakapitisha kwamba shule zifundishe kwa kusema na ishara ziondoke, na vizazi na vizazi vya watoto vikakaa madarasani vikitazama midomo ya mwalimu bila kuelewa. Mkutano wa mfululizo huohuo ulipokaa Vancouver mwaka 2010 ukayakataa maazimio yale na kueleza majuto. Miaka 130! Na tangu 1960 mtaalamu wa lugha Mmarekani, William Stokoe, alishaonesha kwamba lugha ya alama ina sarufi yake kama lugha nyingine yoyote, siyo maigizo.

Mtoto anahitaji lugha kamili miaka ile ya mwanzo, na ubongo haujali imepitia sikioni au machoni. Kinachomchelewesha ni kukaa bila lugha yoyote huku mnasubiri kifaa. Na hata akipata kifaa, akilala kinavuliwa, akioga kinavuliwa, betri ikiisha ndo basi, hapo mtaongea kwa nini? Ishara na kusema vinaweza kwenda pamoja.

Zaidi ya watoto tisa kati ya kumi viziwi wanazaliwa na wazazi wanaosikia, kwa hiyo wengi mnaanza mkiwa hamjui kitu, ndo kawaida. Tafuta viziwi watu wazima wakufundishe, siyo video peke yake, na umruhusu mtoto awazoee aone kwamba kuna watu wazima kama yeye wana kazi na familia. Nyumbani mguse bega au zima-washa taa akutazame kwanza kabla hujaanza kumwambia jambo. Mama mkwe mpe ishara tano za kuanzia: njoo, maji, lala, inauma, na ya "bibi". Hiyo ya bibi mtoto akimpa mwenyewe siku moja, hutamsikia tena na habari za uvivu.

SWALI: Mimi si kiziwi, ni mstaafu, ila kwenye vikao nasikia watu wanavuma tu. Watoto wamenichangia mashine ya sikio lakini ni kelele tupu, nimeiweka kabatini. *Mzee wa Kabati*

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Hauko peke yako hata kidogo, Shirika la Afya Duniani linasema watu zaidi ya milioni 430 wana upotevu wa usikivu unaohitaji huduma, na ifikapo 2050 watapita milioni 700. Mashine itoe kabatini uirudishe kwa aliyeipima. Kama haikupimwa, yaani walinunua wakakuletea, basi hapo ndo penye kosa, kwa sababu inatakiwa irekebishwe kufuata matokeo ya kipimo chako, halafu urudi tena mara kadhaa ikarekebishwe zaidi. Ikipiga mluzi mara nyingi ni kile kipande cha sikioni hakijakaa sawa. Wiki za mwanzo kila kitu kitapiga kelele, maji, karatasi, viatu, mpaka ubongo uzoee kupanga upya, kwa hiyo anza na chumba kitulivu na mtu mmoja, usianze na kikao.

Kwenye kikao chagua kiti unachoona nyuso. Ila usitegemee midomo peke yake, baba, mama na papa mdomoni ni kitu kilekile, jaribu kwenye kioo. Waambie ajenda uipate kwa maandishi mapema, asemaye anyooshe mkono kwanza na maiki itumike hata kama mtu ana sauti ya radi. Programu za simu zinazoandika mazungumzo papo hapo zinasaidia sana, ila majina ya watu na tarakimu zinakosea, hivyo tarehe na hela hakikisha kwa kuuliza tena.

SWALI: Tuko vijana kumi tunataka kuanzisha kikundi cha kutetea viziwi. Tuanze na nini? *Katibu*

JIBU: Kati ya hao kumi viziwi wangapi? Kama jibu ni sifuri msianze, nendeni kwanza kwenye chama cha viziwi mkaulize wanahangaika na nini na mnaweza kubeba kipande gani. Usemi wa watu wenye ulemavu ni mmoja, hakuna jambo letu bila sisi. Mtashangaa, nyie mnawaza semina na fulana wao wanalia na namba ya dharura isiyopokea meseji, mtu nyumba inaungua anaambiwa piga simu.

Mkishajua, shikeni dai moja. Barua moja, ofisi moja, jina la mhusika, na muulize kwenye bajeti ya mwaka ujao mkalimani amewekwa fungu lipi, maana "tutalifanyia kazi" bila fungu haina kitu. Na vikao vyenu wenyewe viwe na mkalimani, nishaona wanaharakati wanatetea viziwi kwenye ukumbi ambao kiziwi hawezi kufuata hata sentensi.

SWALI: Lugha ya alama si ni moja dunia nzima? *Mdadisi*

JIBU: Hapana, ziko zaidi ya 300. Mwingereza na Mmarekani wanaosikia wanaelewana vizuri tu, viziwi wao lugha zao ni mbali kabisa. Ya Marekani ina undugu zaidi na ya Ufaransa, kwa sababu shule ya viziwi iliyofunguliwa Marekani mwaka 1817 ilikuwa na mwalimu kiziwi Mfaransa, Laurent Clerc, aliyevuka bahari na ishara zake.