Vidoti kuvuja kwenye picha ya mpiga tarumbeta

Umeuliza kwa nini vidoti unavyogonga kwa sponji kwenye picha yako ya mpiga tarumbeta vinavuja chini ya stensili, yaani kiolezo chenye matundu. Rangi yako ina maji mengi na sponji imelowa. Tumia rangi nzito ya akriliki, isiyoongezwa maji. Punguza rangi ya sponji kwenye karatasi mpaka ikaribie kukauka, kisha gonga wima. Ukiburuta, rangi inapenya chini ya kingo. Turubai ya kuchorea yenye nyuzi nene nayo huacha upenyo: paka jeso (rangi ya msingi) mara mbili, ikikauka piga msasa namba 220. Kwa turubai ya sm 60 kwa 80, vidoti vya mm 6 vinapendeza sana. Kila ukiinua stensili, futa upande wake wa chini. Mistari minene myeusi ya tarumbeta ije mwisho kabisa, maana ndiyo inayofunika kingo zilizoharibika.