Kikundi cha sindimba na vinyago: fedha za serikali zinaombwaje?

SWALI: Sisi ni kikundi cha watu 12 hapa Newala. Tunacheza sindimba, na wenzetu watano ni wachongaji wa vinyago. Wamo wazee, vijana na akina mama. Tuliomba shilingi 6,000,000 halmashauri, maombi yakarudi yameandikwa "hayakidhi vigezo". Tulikosea wapi, na je, kuna ruzuku ya sanaa ambayo hairejeshwi?

JIBU: Nianze na la mwisho, maana ndilo linalopoteza vikundi vingi. Kwa kikundi kama chenu, fedha za serikali zilizo karibu ni mkopo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hukopesha kupitia benki, na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri nayo ni mkopo, ila hauna riba. Andiko linaloomba "msaada wa kuendeleza utamaduni" bila kuonyesha fedha zitarudi vipi hukwama mapema, hata kama ngoma yenu inajulikana wilaya nzima.

Asilimia 10 hugawanywa hivi: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Wazee hawamo. Kikundi mchanganyiko kama chenu hakina fungu la kuingia, na huenda hapo ndipo mlipoangukia. Msiwafukuze wazee, kwa sababu wao ndio wenye mapigo na nyimbo. Kikundi kikuu kibaki kilivyo, chenye usajili wa BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), kisha vijana wachongaji, au akina mama peke yao, wasajili kikundi cha uzalishaji kwa Afisa Maendeleo ya Jamii na kuomba kwa jina hilo. Usajili wa BASATA hauchukui nafasi ya ule wa halmashauri. Kwa wa BASATA anzeni kwa Afisa Utamaduni wa wilaya. Mkiomba Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, usajili huo wa BASATA ndio utakaohitajika.

Kabla ya kuwasilisha, wekeni mezani katiba, cheti, taarifa ya benki na vitambulisho vya NIDA, mlinganishe majina herufi kwa herufi. Katiba ikisema "Kikundi cha Sanaa Umoja" na akaunti ikasema "Umoja Sanaa Group", faili linarudi. Ambatisheni pia muhtasari wa kikao kilichoamua kukopa, wenye kiasi, kazi ya fedha na saini za wanachama wote. Muhtasari huu husahaulika sana, nao ndio unaozuia mwanachama kusema baadaye kwamba hakuhusika na deni.

Kwenye bajeti msiandike "vifaa 3,000,000". Andikeni tezo ngapi, patasi ngapi, misumeno, msasa, ngozi za kuwambia, njuga jozi ngapi, kila kimoja na bei yake, na profoma ya duka, yaani karatasi ya bei mnayopewa kabla ya kununua. Mpingo uwe na mstari wake, pamoja na gharama ya kibali cha kusafirishia kutoka TFS, wakala wa serikali wa huduma za misitu. Gogo lisilo na hati likikamatwa njiani, mtaji umekwenda na deni limebaki.

Sasa kiasi. Milioni 6 kwa miezi 12 ni marejesho ya 500,000 kila mwezi, na kipato chenu hakiji kila mwezi. Watu wa kusini huwa na fedha korosho zinapouzwa mnadani, kuanzia Oktoba. Mialiko ya ngoma nayo hufuata msimu. Mpingo hukauka polepole mno, na kinyago kilichochongwa mti ukiwa mbichi hupasuka kikiwa kwa mteja. Kwa hiyo fedha ya gogo la leo haiwezi kulipa rejesho la mwezi ujao. Chukueni faida ya mwezi wenu mbovu kuliko yote, si wastani wa mwaka, kisha nusu yake iwe rejesho. Mwezi huo ukiwaachia 400,000, rejesho ni 200,000, na mkopo unaowafaa kwa mwaka ni 2,400,000. Nawasihi msizidishe hapo mwaka wa kwanza. Ombeni pia kwa maandishi marejesho yaanze baada ya msimu wa mauzo.

Kuna njia nyingine ambayo wasanii wengi hawaigusi: kuiuzia serikali. Sheria ya ununuzi wa umma imetenga asilimia 30 ya ununuzi kwa makundi maalumu, na humo wazee wamo pamoja na wanawake, vijana na wenye ulemavu. Burudani ya mapokezi ya Mwenge, zawadi za vinyago kwa wageni wa mkoa, maonyesho ya Nane Nane pale Ngongo, Lindi, vyote ni huduma na bidhaa zinazonunuliwa. Mnahitaji TIN, ambayo TRA huitoa bure, akaunti ya kikundi na usajili kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa serikali. Afisa Maendeleo ya Jamii na kitengo cha ununuzi cha halmashauri watawaelekeza. Msicheze kwa ahadi ya mdomo. Dai barua au hati ya ununuzi yenye kiasi kabla ya siku ya kazi, kwa sababu bila karatasi hiyo mhasibu hana cha kulipia.