Kwa nini vichembe vya aloi havionekani kwa hadubini ya kawaida

Umeuliza kwa nini aloi yako ya alumini na shaba imekuwa ngumu baada ya kukaa, lakini hadubini ya kawaida haikuonyeshi chochote kipya. Vichembe vya shaba vinavyoifanya iwe ngumu vipo, ila ni vidogo mno. Hadubini ya nuru huishia kwenye nanomita 200 hivi, na vile vya mwanzo ni vibamba vya shaba vyenye unene wa atomi moja tu. Wanasayansi Guinier na Preston walivitambua mwaka 1938, kila mmoja kivyake, kwa alama vinazoacha kwenye picha za eksirei.

Hadubini ya elektroni itakuonyesha, mradi uiandae sampuli vizuri. Ikonde hadi chini ya nanomita 100, kisha igeuze mpaka mwale wa elektroni upite sambamba na ukingo wa mchemraba wa fuwele, yaani ule mpangilio wa atomi unaojirudia. Hapo baadhi ya vibamba hukaa kiubavu. Shaba ina protoni 29, alumini 13, na atomi yenye protoni nyingi hutawanya elektroni zaidi, kwa hiyo ukikusanya elektroni zilizotawanyika kwa pembe kubwa, kibamba hung'aa kama uzi mweupe gizani. Ukikosea mwelekeo kwa nyuzi chache, uzi hufifia, na wengi hukata tamaa hapo. Usikate!

Vibamba vikishakua, tazama mipaka yake. Mimi huona hapo ndipo penye utamu. Kwenye uso mpana, safu za atomi za alumini huungana na za kibamba karibu bila kukatika. Kwenye kingo zake nyembamba, hazilingani vizuri.