Mayoma yametoka, arobaini inabisha hodi: nizae tena au niache?

Ilikuwa arobaini ya mtoto wa jirani, Ngamiani, Tanga. Tunakuna nazi uani, wifi yangu akaniuliza mbele za watu, "Wifi, kisu umeshapigwa, sasa unangoja nini?" Nilikuwa nimebakiza miezi miwili nitimize miaka 40. Nikacheka, nikaendelea kukuna. Usiku nililala na swali lile.

Nina binti mmoja, yuko kidato cha pili. Baada yake hedhi iliharibika polepole: pedi mbili kwa mpigo, kanga ya rangi nzito kila ninapokwenda kwenye cherehani, uchovu niliousingizia kazi. Nilipopima, kiwango cha damu kilikuwa 7 tu. Ultrasaundi ikaonyesha mayoma manne, yaani uvimbe kwenye kizazi, moja sawa na chungwa la Muheza. Daktari aliniuliza kama bado nataka kuzaa, maana kutoa kizazi kunamaliza habari yote, ilhali kutoa uvimbe peke yake kunakuachia kizazi, na mayoma yanaweza kuota tena. Nilichagua kubaki na kizazi. Wala sikuwa nimeamua kuzaa, niliogopa tu kufunga mlango siku ile.

Basi dada, kama nawe umefanyiwa oparesheni, kabla hujahesabu umri nenda kaulize kisu kilifika wapi. Omba ripoti ya upasuaji, uisome na daktari. Mimi niliipuuza miaka miwili, ikikaa kabatini chini ya vitambaa vya wateja. Kumbe uvimbe mmoja ulikuwa ndani kabisa ya ukuta wa kizazi, na wakati wa kuutoa walipasua hadi ndani. Kovu la namna hiyo linaweza kuachia wakati wa uchungu. Ndiyo maana niliambiwa nipumzike mwaka mzima kabla ya kushika mimba (wenzangu wengine waliambiwa miezi sita), na mtoto akija atolewe kwa upasuaji kabla uchungu haujaanza. Mwenye uvimbe ulioning'inia nje ya kizazi huenda akaruhusiwa kusukuma. Mimi hapana. Kwa hiyo hata ile ndoto ya kwenda kujifungulia kwa mama Pangani niliifuta. Nikibeba, nitakaa mjini, karibu na hospitali ya Bombo.

Jambo la pili lilinikalisha chini. Kutoa mayoma hakurudishi ujana wa mayai. Kwenye miaka 40, kila mwezi nafasi ya kushika mimba ni kama 5 kwa 100, na kati ya mimba tatu moja hivi huharibika. Mtoto mwenye Down, ule ulemavu wa akili wa kuzaliwa nao, karibu mmoja kwa 100. Presha na sukari ya ujauzito nazo huongezeka. Ukifika umri huu usijaribu mwaka mzima ndipo uende hospitali. Nenda mwanzoni, upimwe mirija na akiba ya mayai.

Na mume apimwe mbegu! Wangu aligoma wiki kadhaa, "mimi si nina mtoto?" Mtoto wa miaka 14 iliyopita! Asubuhi moja akapanda baiskeli, akaenda kimya kimya, jioni akaniwekea majibu mezani. Yalikuwa mazuri. Hatujawahi kulizungumzia tena.

Dawa za chupa za kusafisha kizazi nililetewa za kutosha. Sikunywa.

Kilichotusaidia kuamua ni kuweka mipaka. Upandikizaji wa mimba, yaani yai kurutubishwa maabara, unapatikana Dar es Salaam, lakini kwetu maana yake ni kuuza kiwanja cha Pongwe, ambacho ni ada ya binti. Tukakubaliana kiwanja hakiguswi. Tutajaribu wenyewe hadi nitimize miaka 42, kisha basi. Ikiharibika moja tutajaribu tena, zikiharibika mbili tunaacha hata kama tarehe haijafika. Hilo la mwisho nililitaka mimi, kwa sababu najijua, ningeendelea hadi nibaki mifupa.

Sasa nina miaka 41 na miezi mitatu. Kila siku nameza foliki asidi mikrogramu 400, presha napima kila mwezi, na damu imepanda hadi 12. Wifi hajui tarehe yetu, na hataijua. Zaidi ya mume wangu, anayeijua ni binti. Nilipomweleza, alinyamaza kidogo, akauliza kama mtoto akija watalala chumba kimoja.

Nikamwambia ndiyo. Akasema basi kitanda cha dirishani ni chake.