Maswali na majibu: Kumtafuta mkulima mpangaji wa Devon kabla ya 1851

Swali: Ninaishi Exeter, mkoa wa Devon, Uingereza. Mume wangu ni mwenyeji wa huku, na wazee wake walilima mashamba ya kupanga. Nimemfuata babu yao mmoja hadi sensa ya 1851: mkulima wa ekari 120, vibarua 3. Nikirudi nyuma zaidi nakuta wanaume watatu wa jina hilohilo katika parokia jirani, na hati za ardhi sizioni popote. Nimshike yupi?

Jibu: Hati za ardhi huzioni, dada, kwa sababu ardhi haikuwa yake. Karatasi zilizomtaja zilikaa kwa mwenye ardhi, na hata leo kwenye katalogi zimeorodheshwa kwa jina la mwenye ardhi. Kwa hiyo liache jina la babu kwa muda. Tafuta shamba, shamba likupeleke kwa mwenyewe, kisha ufungue makabrasha ya huyo mwenyewe.

Anza na sensa hiyohiyo. Nakili jina la shamba na parokia aliyozaliwa. Kisha angalia sensa ya 1841 uone nani kati ya wale watatu alikuwa kwenye shamba hilo. Umri usikusumbue: mwaka huo makarani waliagizwa kuushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano ya chini, hivyo mtu wa miaka 44 aliandikwa 40.

Hatua inayofuata ni ramani za zaka, ile sehemu ya kumi ya mazao iliyolipwa kanisani. Sheria ya 1836 iligeuza zaka ya mazao kuwa malipo ya fedha, na ili kukadiria malipo hayo parokia zilipimwa kipande kwa kipande. Kila kipande kina namba kwenye ramani, na daftari lake linataja mwenye ardhi, anayeitumia, jina la kipande, matumizi na ukubwa. Devon imepimwa karibu yote. Nakala za serikali ziko National Archives, hifadhi ya taifa ya nyaraka iliyoko Kew, London, daftari chini ya namba ya rejea IR 29 na ramani chini ya IR 30. Za Devon zinapatikana pia Devon Heritage Centre, hifadhi ya nyaraka ya mkoa, hapohapo Exeter. Jumlisha vipande vya mtu wako, ukikumbuka vipimo vya zamani: pachi (perch) 40 ni rudi (rood) moja na rudi 4 ni ekari moja. Ukikaribia 120, na jina la shamba likalingana, una hoja nzito. Kosa la kawaida ni kusimama alipoonekana mara ya kwanza. Daftari limepangwa kwa majina ya wenye ardhi, na mkulima aliyepanga kwa watu wawili yumo mara mbili, kurasa mbalimbali. Lisome hadi mwisho.

Ukishampata mwenye ardhi, shika orodha za kodi ya ardhi, iliyolipwa serikalini, za 1780 hadi 1832, urudi nyuma mwaka baada ya mwaka. Jina la mtumiaji likibadilika, mtu amehama au amekufa. Mtego ni baba na mtoto wenye jina moja: orodha haioneshi shamba lilipita lini kutoka kwa mmoja hadi mwingine. Mtego wa pili unaihusu sana Devon. Aliyekodi ardhi kwa maisha ya watu, yaani kwa mkataba uliodumu hadi watu waliotajwa ndani yake wafe, huandikwa mara nyingi safu ya mwenye ardhi, ilhali ni mpangaji tu.

Mikataba hiyo ya maisha ndiyo hazina ya Devon, na ndiyo itakayokutofautishia wale watatu. Mpangaji alilipa fedha nyingi mwanzoni, kisha kodi ndogo ya pango kila mwaka. Mkataba uliandikwa wa miaka 99, lakini ulikoma mapema alipokufa wa mwisho kati ya watu watatu waliotajwa ndani yake. Kwa kawaida hao ni mpangaji, mkewe na mtoto, au watoto watatu, na mara nyingi umri wao umeandikwa. Mmoja akifa, familia ililipa ili kuongeza jina jipya, na mkataba mpya huutaja ule wa zamani, hivyo waweza kupanda vizazi kadhaa kwa shamba moja. Mwenye ardhi alidai pia mnyama bora au fedha mpangaji alipofariki, na malipo hayo kwenye daftari la kodi ya pango hukusogeza karibu na tarehe ya kifo. Ila usidhani kila aliyetajwa ni ndugu. Iliruhusiwa kumtaja mtoto wa jirani. Tena mwenye mkataba aliweza kumpangisha mwingine shamba lote, ndiyo maana unaulinganisha na orodha ya kodi ya ardhi.

Katika katalogi ya National Archives iitwayo Discovery, andika jina la mwenye ardhi pamoja na la parokia. Kama ni mmoja wa wenye ardhi wakubwa, mfano Duke wa Bedford upande wa Tavistock, au ukoo wa Acland wa Killerton, makabrasha ni mengi. Kama ni kanisa kuu la Exeter, uliza kwenye hifadhi ya kanisa lenyewe.

Wasia nao usiukatie tamaa. Ule upangaji wa miaka 99 ulihesabiwa kuwa mali ya kuhamishika, kwa hiyo mkulima aliweza kumrithisha mtoto kwa wasia. Wasia nyingi za Devon ziliteketea Exeter ilipopigwa mabomu Mei 1942, lakini nakala za idara ya kodi za 1812 hadi 1857 zipo Devon Heritage Centre, na zilizopitia mahakama ya kanisa ya Canterbury ziko Kew chini ya PROB 11.

Vitabu vya parokia, vya ubatizo, ndoa na maziko, vifungue mwisho, kwa kuchuja. Kwa kila mmoja wa wale watatu, tafuta kwanza maziko ya utotoni. Mara nyingi mmoja huondoka hapo. Kabla ya 1752 mwaka ulianza tarehe 25 Machi, hivyo ubatizo wa Februari 1740 kwa hesabu yetu ni Februari 1741. Usipolizingatia hilo, utadhani mtoto amebatizwa kabla wazazi hawajaoana.