Bima ya Landrova ya mwaka 1978

SWALI: Ndugu Mshauri, marehemu baba aliniachia Land Rover 109 ya mwaka 1978, ambayo bado inatembea vizuri, nami huitumia mara moja kwa wiki kwenda shambani. Kampuni mbili zimekataa kuikatia bima kubwa, ile inayofidia hata gari lenyewe, kwa sababu ya umri wake. Wakala wa kampuni ya tatu amekubali, ila ameshauri nitaje thamani ndogo ili malipo yapungue. Nifanyeje? – Msomaji, Moshi.

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa kuondokewa na mzazi. Kinachozitia hofu kampuni ni vipuri zaidi ya umri wenyewe, kwa kuwa bodi ya alumini ikikunjika ni vigumu kukadiria gharama ya matengenezo, na thamani ya sokoni inayotumika kukokotoa fidia huwa mbali na ile aijuayo mwenye gari.

Sheria inakulazimisha kuwa na bima ndogo tu, ambayo kwa gari binafsi imezoeleka kuwa Sh 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT, nayo huwafidia watu wengine unaowadhuru, si gari lako. Bima kubwa, kwa kiwango kilichozoeleka cha asilimia 3.5, itakugharimu Sh 420,000 kabla ya VAT ikiwa gari lina thamani ya Sh milioni 12. Kwa gari linalolala uani siku sita kati ya saba, mimi ningechagua bima ya kati, yaani bima ndogo iliyoongezewa moto na wizi, kwa sababu hatari za uani ndizo hizo.

Ukiitaka bima kubwa hata hivyo, mtumie dalali wa bima, ambaye humwakilisha mteja mbele ya kampuni nyingi, tofauti na wakala anayeuza kwa niaba ya kampuni. Mpelekee ripoti ya mthamini, picha na risiti za fundi, kisha udai thamani mliyokubaliana iandikwe ndani ya mkataba kabla hujalipa.

Ushauri wa wakala wako usiufuate. Ukiandikisha Sh milioni 6 kwa gari la milioni 12, na mkataba ukawa na kipengele cha bima pungufu, yaani kinachopunguza fidia kwa uwiano wa thamani uliyoandikisha na thamani halisi, hasara ya milioni 4 utalipwa milioni 2, na hapo bado hawajakata uchakavu wa vipuri.