Fundi Ajibu: Kabla ya Kununua Choo cha Mashua, Niambie Utamwaga Wapi

Mwezi huu mmeamua kuniletea vyoo. Nimechagua barua tatu, mbili za bahari na moja ya ziwa. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu ina watu tisa ndani yake na chombo ni kidogo.

Shikamoo fundi. Nina mashua ya mbao ya mita 10 hapa Shela, Lamu. Nachukua wageni sita, nasi mabaharia ni watatu, twenda Kiwayu tukalala usiku mbili na kurudi. Choo chetu ni kile cha zamani, kibanda kilichoning'inia tezini, nyuma ya chombo, na wageni, hasa akina mama, hawakitaki tena. Fundi mmoja ameniambia nifunge choo cha pampu chenye matundu mawili chini ya maji. Mwingine anasema ninunue kile cha kubeba, chenye dawa ya buluu. Binamu yangu aliye ng'ambo anasema siku hizi watu wanatumia vyoo vinavyotenga mkojo na kinyesi, havitaki maji kabisa. Nifuate la nani? Na nifanyeje choo kisielekee kibla? M.A., Shela

Marahaba, mwanangu. Wote watatu wamekuuzia choo bila kukuuliza swali la kwanza: hicho kitakachojaa utakimwaga wapi?

Safari yako naijua. Watoka Shela, wapita mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, mikoko huku na huku, kisha wafuata njia ya ndani nyuma ya Pate na Ndau mpaka Kiwayu. Yote hayo ni maji ya ndani, ndimo wanamokulia kamba, kaa na makinda ya samaki, na ukifika Kiwayu umeingia katika hifadhi ya bahari ya Kiunga. Wageni wako wanaruka majini kuogelea kila unapotia nanga. Sasa niambie, pampu ya fundi wa kwanza itamwaga wapi kati ya hapo?

Wenye meli wana sheria yao ya kimataifa, MARPOL, na Kiambatisho chake cha Nne kinahusu majitaka. Majitaka ghafi hayamwagwi mpaka meli iwe zaidi ya maili 12 za baharini kutoka nchi kavu na iwe mwendoni, si chini ya noti 4, yaani maili 4 za baharini kwa saa. Yaliyosagwa na kutiwa dawa, zaidi ya maili 3. Sheria hiyo inazishika meli zinazosafiri baina ya nchi, za tani 400 na kuendelea au zilizoruhusiwa kubeba watu zaidi ya 15, kwa hiyo wewe haikugusi. Lakini vipimo vyake ni vya busara. Maili 12 ni kilomita 22 hivi. Wakati wa kaskazi ungeweza kurudi kwa njia ya nje, upepo ukiwa nyuma yako, ila hakuna mgeni atakayekubali kupelekwa kilomita 22 baharini ili umwage choo. Wakati wa kusi hata hiyo njia ya nje hutaipenda. Na Sheria ya Mazingira ya Kenya ya mwaka 1999, inayokataza kuchafua maji, haimtazami mtu kwa urefu wa chombo chake. Panga basi kama mtu ambaye hamwagi baharini kabisa. Kila kinachoingia chooni kitarudi Shela, na mtu atakibeba mkononi mpaka kwenye shimo.

Ukishakubali hilo, hesabu inajichagulia choo. Choo cha pampu kinavuta maji ya chumvi lita 2 mpaka 3 kila mtu anapoingia. Watu tisa, kila mmoja mara tano kwa siku, hizo ni lita mia na zaidi. Kwa safari yako ni zaidi ya lita 200, na lita ya majitaka ni kilo moja ya uzito. Utaweka wapi kilo mia mbili kwenye mashua ya mita 10? Halafu kuna yale matundu mawili chini ya mstari wa maji. Boti iliyotia nanga salama ikakutwa asubuhi imezama, mtu wa kwanza kushukiwa ni choo: bomba lake la mpira limeachwa bila kitanzi kirefu chenye kipumulio, maji yakajivuta yenyewe usiku kucha. Kwenye mbao nzuri kama za Lamu, mimi sitoboi chini ya maji kwa ajili ya choo.

Kile cha kubeba, tangi lake kubwa la kawaida ni lita 20 au 21. Mtu mzima hutoa mkojo wa lita moja na nusu hivi kwa siku, ongeza maji ya kusafishia, zidisha kwa tisa. Hakitaliona jua la pili. Ni choo kizuri kwa familia ya watu wanne wanaotoka asubuhi na kurudi jioni.

Binamu yako ndiye aliye karibu na jibu, ila amesahau kopo. Vyoo hivyo vimebuniwa na watu wanaotumia karatasi. Nguvu yake yote iko kwenye ukavu: mkojo unaingia dumu lake mbele, kinyesi kinaangukia ndoo yake nyuma, kinafunikwa na kitu kikavu, hakinuki. Mwaga humo kopo moja la maji ya kutamba, yaani ya kutawazia, na umepata uji. Mabaharia wako watatu hawatakubali karatasi, na wasilazimishwe. Kusini mwa India wamelitatua hili zamani kwa vyoo vya matundu matatu: moja la mkojo, moja la haja kubwa, na la tatu la maji ya kutawazia. Wewe fanya hivyo hivyo. Fundi yeyote wa faiba wa Mtwapa au Kilifi atakufinyangia kiti chenye sehemu mbili, na pembeni yake sinia lenye mwinamo na tundu lake. Mtu akimaliza anasogea hatua moja, anatamba, maji yanakwenda dumu la tatu.

Hesabu upya. Mkojo wa watu tisa kwa siku mbili ni lita 27 hivi. Maji ya kutamba, weka lita 30. Hayo ni madumu manne ya lita 20 yenye vifuniko vya kuzungusha, mawili ya mkojo na mawili ya maji, na ndoo moja ambayo haijajaa. Bebea madumu ya akiba mawili. Vijana wawili wanayashusha ufukweni kabla mgeni wa mwisho hajalipa.

Kitu kikavu cha kufunikia unacho mlangoni. Wenzetu wa Ulaya wanalipia usumba ulioshindiliwa kama matofali kutoka Asia. Wewe chukua makumbi ya nazi, chana, kausha, weka kwenye gunia ndani ya choo. Anayetoka anatupia kiganja kimoja. Vumbi la mbao la seremala linafaa pia, mradi si la mbao zilizotiwa dawa. Na usidhani ni jambo la majaribio: pale kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, vibanda vya wageni vinatumia vyoo vikavu vya mboji ili maji machafu yasifike kwenye matumbawe, na wageni wanalipa pesa nzuri kulala hapo.

Kuhusu kufunga. Kiache choo tezini. Mashua ikiwa imetia nanga mara nyingi inaelekeza omo, yaani mbele yake, kwenye upepo, na harufu yoyote itakayotoka inakwenda zake nyuma. Fremu ya kiti ifungwe kwenye mataruma, zile mbavu za ndani za mashua, si kwenye mbao za ubavu. Bomba la mkojo liwe la milimita 25, lishuke moja kwa moja mpaka kwenye dumu bila kupinda kama shingo, maana palipo na bonde mkojo unatulia na kuganda magadi. Kila dumu likae kwenye kitako chake cha mbao na mkanda, kwani siku tanga likijaa na mashua ikilala ubavu ndipo utajua lipi halikufungwa, na vinavyovuja kwenye mashua mwisho wake ni ngamani, kule chini kabisa ndani ya chombo yanakokusanyika maji machafu. Acha nafasi mkono upite chini kufuta ngama. Ndoo ya nyuma itolewe bomba la pumzi mpaka juu ya dari, lenye wavu wa kuzuia nzi, na feni ndogo ya volti 12 inayozunguka mchana na usiku. Umeme inaokula ni kidogo hata paneli ndogo ya sola inautosha.

Upana wa chumba usiwe chini ya sentimita 70, na vishikio pande mbili. Kabla hujapiga skrubu, kaa juu ya kiti mwenyewe mashua ikiwa mwendoni na mawimbi, kisha umwombe mama mmoja wa nyumbani naye akakae. Atakuonyesha makosa ambayo wewe hutayaona.

Ndoo ikifika nyumbani imwage kwenye shimo kavu, uifunike, uiache mwaka mmoja na zaidi kabla ya kuitia chini ya mnazi, wala isikaribie mboga wala kisima. Mkojo uzimue kwa maji mengi, minazi itaushukuru. Na lile swali lako la mwisho kuhusu choo kisielekee kibla: mashua inageuka kwenye nanga yake kufuata upepo na maji, kwa hiyo hilo mpelekee sheikh. Mimi ni fundi tu.

Fundi, habari za kazi? Nina boti ya faiba ya mita 11, Mtwapa, yenye choo cha pampu na tangi la lita 60. Choo kinanuka. Nimebadilisha choo, nimebadilisha pampu, nimetia kila aina ya dawa. Bado. Mke wangu hapandi tena. J.K., Mtwapa

Ndugu yangu, choo hakina kosa, na mwambie shemeji asikate tamaa. Chukua kitambaa safi, kichovye kwenye maji moto, kikamue, ukizungushe juu ya mpira unaotoka chooni kwenda kwenye tangi. Kikipoa, kinuse. Kikinuka, umempata mwizi. Mpira wa bei rahisi, hasa ule wa mikunjo kama wa mashine ya kufulia, hupitisha harufu kwenye ngozi yake hata kama hauvuji tone. Dawa haiwezi kuufikia. Nunua mpira maalumu wa majitaka wa milimita 38, laini ndani, na uufupishe kadiri unavyoweza. Kila mwisho uwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu.

Kisha tazama bomba la pumzi la tangi. Nina hakika ni jembamba na refu, na mahali fulani linashuka kabla ya kupanda. Tangi lisilopata hewa linafuga vijidudu visivyohitaji hewa, na hao ndio wanaotoa ile harufu ya mayai yaliyooza. Lipe bomba la milimita 25, fupi, lipande tu, na kama una nafasi weka mawili, moja kila ubavu, ili upepo uingie huku na kutokea kule. Bomba la pumzi likiziba kabisa, siku utakayolifyonza tangi kwa pampu kali litajikunja kwa ndani.

Kama harufu inakuja asubuhi tu, unapopiga pampu mara ya kwanza, basi si kinyesi hata kidogo. Ni maji ya bahari yaliyolala kwenye mpira wa kuingizia, na viumbe vidogo vidogo vimefia humo. Kabla ya kuiacha boti, mimina maji baridi, yaani yasiyo ya chumvi, uyapampu yapite.

Ukiwa huko chini, angalia koki za ubavuni. Nimeziona boti Mtwapa zimefungwa koki za shaba ya manjano, zile za mabomba ya nyumba kutoka duka la vifaa vya ujenzi. Chumvi hula zinki iliyomo, koki inabaki na sura yake lakini ndani ni unga, na siku moja inakatikia mkononi. Weka ya bronzi, au ya plastiki ngumu iliyotengenezwa kwa ajili ya boti. Na kwa kuwa maji ya bamvua, yale ya kujaa na kupwa sana, hushuka mita tatu na zaidi hapo kwenye mkono wa bahari, hakikisha boti haikalii tope mdomo wa koki ukiwa wazi.

Siki, glasi mbili tatu kila wiki, iachwe usiku mzima kwenye mpira, inapunguza yale magadi. Usitie mafuta ya taa wala jiki. Ule ulimi wa mpira unaozuia uchafu kurudi chooni hauvipendi.

Fundi, mimi niko Ukerewe. Tunavua sangara, tunalala ziwani. Nataka kutoboa kiti na kuweka bomba liende majini moja kwa moja. Bomba la inchi ngapi? P.M., Ukerewe

Usitoboe, kaka. Ziwa si bahari. Watu wanachota maji hayo na kuyanywa, na kipindupindu mnakijua. Halafu kuna kichocho: mayai yanayotoka na kinyesi cha mgonjwa huanguliwa kwenye maji baridi, vijidudu vyake vinaingia kwa konokono wa kandokando, vikitoka huko vinapenya ngozi ya anayeoga au anayevuta nyavu. Kwenye maji ya chumvi mzunguko huo haupo, kwenu upo.

Nunua ndoo ya lita 20 yenye mfuniko unaokaza, tengeneza kiboksi cha mbao chenye kiti, weka majivu au vumbi la mbao kwenye kopo pembeni. Kila mtu anafunika chake. Kiboksi kifungwe kamba ili kisiteleze. Mkirudi mwaloni, ndoo inakwenda kwenye choo cha shimo, inaoshwa mbali na maji, inakauka juani. Gharama yake yote haifiki bei ya hilo bomba na fundi wa kulifunga.